Gololi Niliyoisogeza

Saumu, mwanangu wa kwanza,

Shikamoo yako ya asubuhi niliisikia na niliijibu, ila wewe ulikuwa umeshafika jikoni. Leo ni siku ya tano tunasalimiana hivi, wewe ukiwa mlangoni na mimi nikiwa nyuma ya gazeti ambalo silisomi. Kwa hivyo nakuandikia. Alasiri nimeshaswali, wewe umekwenda Bodo kuwaaga shangazi zako, mama yako anazipiga pasi nguo zako kwa mara ya pili, na mimi nimekaa mezani na kalamu inayokwamakwama. Barua hii nitakupa kesho baada ya chai, uisome kabla basi la Dar halijafika hapa Msambweni.

Mambo ya kula, ya kulala na ya kuchagua marafiki mama yako ameshakwambia, na atakwambia tena mpaka mlango wa basi ufungwe. Mimi huko sina la kuongeza. Langu ni moja, nalo ni lile lililotukosanisha mezani.

Ulikuwa unasimulia vizuri siku ile, na mama yako alikuwa anacheka. Ulisema kule mlikofanyia mafunzo, kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, mnaiweka gololi ndogo ya chuma kwenye kishikio chake juu ya kitanda cha mashine, pale mistari myekundu ya taa za ukutani inapokutana. Mnaipiga mionzi kutoka pande zote, kisha kompyuta inawaambia gololi iko mbali kiasi gani na mahali mionzi inapolenga. Ikizidi milimita moja, hatibiwi mtu kichwa siku hiyo mpaka ijulikane kuna nini. Ukasema kuna asubuhi mashine inakataa kwa ukaidi wake tu, nanyi mnaibembeleza gololi, mnaisogeza unywele huku na unywele kule, hadi namba ikubali. Ukatikisa vidole hewani kutuonyesha.

Nilikuuliza namba ya kwanza, ile iliyokataa, mnaiandika wapi. Ukanitazama kana kwamba nimeuliza jina la bibi yake mashine. Ukasema karatasi ina kisanduku kimoja tu, na hakuna mtu anayejaza namba mbovu. Mimi nikaanza kupandisha sauti. Ndipo uliposema, kwa kunichokoza tu, najua: "Baba, nawe umezidi. Mbona Bi Mwanatumu alipona kwa mikono hiyo hiyo yako?"

Nikaisukuma sahani, nikakwambia kama hiyo ndiyo kazi unayokwenda kuifanya Dar, basi usiende. Mtoto amesoma miaka yote hiyo, amepata kazi ya kusimamia mashine ya mionzi ya kichwa, majirani wamekuja kupongeza, na baba yake anamwambia usiende. Na sababu yenyewe sikuwa na uso wa kuitoa. Mama yako amenisema kila siku tangu hapo kwamba nimemkunjia uso mtoto anayesafiri. Ana haki. Nimejikasirikia siku tano, na hasira zenyewe zimekuwa zikikuangukia wewe.

Sasa sikiliza. Bi Mwanatumu wewe unamjua kwa korosho zake. Tangu uko darasa la saba, kila msimu anatuwekea kikapu kwenye gari linalotoka Lunga Lunga, kule mpakani, na dereva anakiacha pale dukani kwa jina langu. Umezila korosho hizo kila mwaka na hujawahi kuniuliza kwa nini mimi sizili. Ulidhani meno. Nilikuacha udhani meno.

Alikuja kwetu hospitalini Mombasa wakati wewe uko darasa la sita, nami nafanya kazi kwenye mashine ya namna hiyo hiyo unayokwenda kuishika. Alikuwa na uvimbe mdogo ndani ya kichwa, upande wa kulia, umekaa juu ya mshipa wa kusikia. Mshipa unaoendesha uso unapita hapo hapo kando yake, imeshikana bega kwa bega. Ndiyo maana ya milimita. Wewe umeisoma darasani, mimi nimeiona ikikaa kwenye kiti cha magurudumu imefunikwa leso.

Kazi yangu ilikuwa kufungua chumba na kuipima mashine asubuhi. Utaratibu wetu ulikuwa wazi: kwanza gololi, kisha mgonjwa. Gololi ikikataa, mgonjwa anaambiwa akiwa bado na kichwa chake kitupu, anakwenda zake nyumbani, anarudi siku nyingine. Ila Jumatatu ile nilichelewa. Nilikuwa nakuja nyumbani Ijumaa, na Jumapili jioni ndipo nilipotakiwa kurudi Mombasa. Mimi nikawa narudi Jumatatu alfajiri, nipate usiku mmoja zaidi wa kwenu. Siku nyingi ilinitoka salama. Siku ile feri moja ilikuwa mbovu, tukakaa Likoni tunatazamana na maji. Ukitaka kujua kosa langu lilianzia wapi, lilianzia hapo, kwa mtu mzima kuiba nusu siku kila wiki na kujiona mjanja.

Nilipofika, daktari hakuwa amenisubiri. Bi Mwanatumu alikuwa ameshafungwa fremu. Wewe umezoea vinyago vya plastiki vya siku hizi. Sisi tulikuwa na fremu ya chuma ya kukizuia kichwa kisisogee, inakazwa kwa skrubu nne mpaka kwenye mfupa, kwa ganzi ya juu juu tu. Alikuwa ukumbini kwenye kiti cha magurudumu. Buibui halikuweza kupita juu ya chuma kile, kwa hivyo binti yake alikuwa amesimama nyuma yake ameshika leso kwa mikono miwili, amemfunika mama yake kichwa na fremu pamoja, watu wasimwone nywele.  Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba kutoka ndani ya leso, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikamwambia. Akasema, "Basi mwanangu, nifanyie upesi. Vyuma hivi vinaniuma."

Nikaingia chumbani nikaweka gololi. Namba ikaja moja nukta sita.

Nikaitoa, nikaiweka tena kwenye mistari, taratibu, nimezuia pumzi. Moja nukta sita. Kufikia hapo sijakosa kitu, Saumu, hapo ningali mfanyakazi mzuri aliyechelewa. Kuiweka upya kwenye mistari si kosa. Fundi wa kiyoyozi alikuwa ameegemeza ngazi yake kwenye ule ukuta wenye taa siku ya Jumamosi, alama zake ziko kwenye rangi, na mimi niliziona. Nikajua taa zimesogea. Nilijua, usije ukasema baba alichanganyikiwa.

Nilitakiwa kutoka, nisimame mbele ya mama yule mwenye umri wa mama yangu, nimwambie zitafunguliwa skrubu zote nne, umeumia bure, rudi Lunga Lunga, njoo wiki ijayo uumizwe tena. Na kwa sababu gani, nikamwambie? Kwa sababu mimi nimechelewa kufika. Nikaona haya. Hakuna aliyenilazimisha, hakuna daktari aliyenifokea, maana daktari mwenyewe alikuwa amekaa anakunywa chai. Mwanafizikia wetu, msimamizi wa vipimo vya mashine, alikuwa Nairobi mkutanoni na simu yangu ilikuwa mfukoni, ina chaji. Sikumpigia kwa sababu nilijua atasema simamisha.

Kishikio cha gololi kina skrubu tatu ndogo. Nilizizungusha hadi gololi ikatoka kwenye mistari na kwenda mionzi iliko. Ikaja sufuri nukta nne. Hazikupita dakika nne. Nikaandika sufuri nukta nne kwenye kisanduku, nikatia sahihi, nikajiambia labda nilikuwa nimeiweka vibaya mwanzoni. Miaka mitatu niliweka gololi ile ile kila siku na sikuwahi kuikosea hata nusu milimita.

Unaelewa nilichofanya? Nina hakika darasani wamekwambia, ila inaonekana mlikuwa mnasinzia, kwa hivyo nakuandikia kwa herufi za baba yako. Mgonjwa haifuati gololi. Mgonjwa analazwa kwenye mistari. Mimi niliifanya gololi ikubaliane na mionzi, kisha nikamlaza mama wa watu kwenye mistari ambayo nilikuwa nimeikimbia. Mashine haikudanganya hata mara moja asubuhi ile, ilinitajia namba mara mbili.

Alilala kitandani anasoma dua kwa sauti ndogo. Alipotoka alinishika mkono.

Jumatano mwanafizikia akarudi. Alikuwa mtu wa bara, mpole, asiyecheka sana. Akapima mwenyewe, akapata moja nukta sita, akaja kuniuliza Jumatatu ilikuwaje. Nikasema sufuri nukta nne. Akaisoma karatasi, akaitazama sahihi yangu, akanirudishia. Jumanne hatukuwa na mgonjwa wala kipimo, na fundi wa kiyoyozi alikuwa amerudi kumalizia kazi, basi yeye na daktari wakakubaliana kwamba ukuta umeguswa baada ya Jumatatu. Fundi aliambiwa asitie tena mguu pale, na taa zikarekebishwa mchana ule. Hakuna aliyelitoa faili la Bi Mwanatumu, kwa sababu karatasi yangu ilikuwa inasema hakuna haja. Nilikuwa nimesimama pale pale, na neno moja tu lingetosha. Niliuliza kama wanataka chai.

Miezi saba baadaye alirudi kupimwa. Uvimbe ulikuwa umetulia, haukui, na kila mtu alifurahi. Ila uso wake upande wa kulia ulikuwa umelala. Jicho halifumbi sawasawa, chai inamtoka pembeni ya mdomo, akiongea anashika shavu kwa kidole ili maneno yatoke. Mama yule ni mfanyabiashara wa vitenge pale mpakani, mdomo ndio duka lake. Aliniambia mwenyewe, kwa kicheko kilichoenda upande mmoja, kwamba wateja wapya hudhani anawabeua. Daktari alimweleza kwamba jambo hilo huweza kutokea hata mambo yakienda sawa, na ni kweli, huweza. Akasema alhamdulillahi, akafungua kikapu, akanipa korosho. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza.

Sasa nije kwenye kinachonikera zaidi ya vyote, mpaka leo nikiandika hapa mkono unabonyeza karatasi. Sijui kama ni mimi. Inawezekana uso ule ungelala hata mionzi ingefika barabara. Inawezekana ni milimita yangu moja nukta sita. Ningeandika namba ya kweli, hata baada ya kutibiwa, hata siku ya Jumatano, wangekaa chini wakapiga hesabu, wakajua mionzi imeangukia wapi na kwa kiasi gani. Wangemwita mapema, labda wangempa dawa kabla mshipa haujachoka. Angalau kungekuwa na jibu. Mimi niliandika namba iliyopendeza, na kwa hivyo hakuna jibu, na halitakuwapo. Watu hudhani mtu aliyekosa anateswa na kosa. Mimi nateswa na kutojua, na kutojua kwenyewe kumetoka kwenye kalamu yangu.

Baada ya mwezi niliomba kuacha kazi. Nyumbani niliwaambia nimechoka na feri, na nataka kuwaona mkikua. Mkafurahi, mkanipikia biriani. Nikapata kazi ya eksirei huku, mfupa uliovunjika hauhitaji milimita. Na wewe unajua wanavyoniita pale kazini, Mzee Rudia, kwa sababu picha ikiwa na shaka kidogo nasema irudiwe, na kitu kikikataa nakiandika kwenye daftari hata kama ni balbu. Wewe na nduguzo mmelicheka jina hilo miaka mingi. Sikuwa hodari, Saumu. Nilikuwa mwoga ambaye amejifunza tabia moja nzuri amechelewa.

Tabia yenyewe ndiyo nilitaka kukupa mezani badala ya makelele. Namba ikija, iandike kabla hujagusa kitu. Kwa wino. Kisanduku kikiwa kimoja, andika pembeni. Pembeni kukiwa hakuna nafasi, geuza karatasi. Baada ya hapo fanya utakalo, rudia, piga simu, kaa chini ulie, maana namba imeshatoka mkononi mwako na huwezi tena kuibembeleza. Sikwambii uwe jasiri kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa, na sijui ujasiri unapatikana wapi. Nakwambia uandike haraka, kabla haya haijakufikia.

Maana itakufikia. Wewe ni mtoto wa huku, umefundishwa kumpisha mkubwa, kutomkatiza, kutomrudisha mtu mzima mlangoni mikono mitupu. Nilikufundisha mimi na ninaipenda tabia hiyo kwako. Ila asubuhi moja kule Dar atakuja mzee wa watu katoka mbali, ndugu zake wamejaa kwenye mabenchi, na adabu yako yote itakusukuma usimkatishe tamaa. Sikuwahi kuifikiria adabu kama kitu cha kumdhuru mtu mpaka ilipofanya hivyo mikononi mwangu. Bado sijui niseme nini juu yake. Najua tu kwamba siku ile ningekuwa mtu mkavu, asiye na salamu, Bi Mwanatumu angerudi kwao na skrubu zimefunguliwa, amenuna, na wiki iliyofuata angetibiwa sawasawa.

Na nyinyi mnaoibembeleza, nisikufiche, mnanitia hofu zaidi kuliko mimi wa siku ile. Mimi nilijua ninachoficha. Nyinyi mnacheka. Ulitikisa vidole vile na nikaona vidole vyangu, na wewe ukanitajia jina lake kunithibitishia kwamba haina neno. Ndiyo sababu ya sahani. Hukukosa adabu na hukusema jambo baya, ulisema ulichoachwa ukiamini. Niwie radhi, mwanangu. Nilikukemea wewe kwa uongo wangu.

Leo asubuhi, ulipokuwa sokoni, nimemweleza mama yako. Miaka yote hii hakujua. Alikuwa anakunja shuka zako, akaendelea kuzikunja hadi ya mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Na yeye mwenyewe anajua?"

Nikasema hajui. Akaniambia basi bado sijamwambia mtu yeyote. Akachukua pasi akaanza upya, ndiyo maana nguo zako zimepigwa pasi mara mbili.

Nimekwenda stendi nikakata tiketi yangu. Yako inafika Dar, yangu inaishia Lunga Lunga. Nimempigia binti yake simu, yule aliyeshika leso, nikasema nitapita kumwamkia mama. Amefurahi. Amesema atapika. Unaona jinsi watu hawa wanavyonifanyia ugumu, hata kabla hawajajua lolote.

Sijui Bi Mwanatumu atasema nini. Anaweza kunifukuza mbele ya majirani. Anaweza kunipeleka mbele, hospitalini na sheriani, na nimeshaliweka kichwani kwamba sitapinga. Ninachokiogopa zaidi ni kwamba atanisamehe kabla sijamaliza kueleza, aseme ni mipango ya Mungu, amimine chai, na mimi nichukue kikombe ninyamaze. Najijua. Nitaona uso ule, nitaona haya, nitaanza kupunguza. Nitasema taa zilisogea kidogo. Nitasema fundi. Nitaisogeza hadithi unywele huku na unywele kule mpaka isikike vizuri.

Basi letu litasimama hapo mpakani abiria wa Dar wagonge pasipoti, na lingine la Dar linapita adhuhuri. Wewe kazi yako inaanza Jumatatu, muda upo. Sikulazimishi kushuka, na ukibaki kwenye kiti chako sitakulaumu, nitakupungia mkono tu. Ila ukishuka, kaa karibu nami pale mkekani kwa Bi Mwanatumu, usiseme kitu. Sasa unajua ilivyokuwa. Nikianza kupunguza, nitazame.

Ni mimi babako, ambaye kesho shikamoo yako ataingoja akiwa amesimama.